Kabla hujaambiwa DVD ya harusi imekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na ukinikatia maneno usinikatie sana, maana jambo lenyewe ni dogo lakini lina kona nyingi. Nataka kusema juu ya programu za kuchezea video kwenye kompyuta ya nyumbani. Najua ukurasa wenu wa teknolojia unapenda simu: kila wiki simu mpya, ina kamera ngapi, inakaa na chaji siku ngapi. Sisi wenye kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma sebuleni hatukumbukwi, na ndio tunaoliwa hela na mafundi.

Mimi ni karani mstaafu, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Kompyuta yangu ni Dell ya mtumba, prosesa yake ni Intel Core i3 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4. Nilipoinunua ilikuwa na Windows 7 na hatukuwa na ugomvi nayo. Mama watoto akitaka kuangalia harusi ya binti yetu mkubwa, ya Agosti 2005, alikuwa anatia DVD, tunakaa, tunacheka wale waliokuwa wembamba siku hizo, basi.

Mwaka juzi mashine ikawa nzito. Nikaipeleka kwa fundi, akapiga Windows 10 upya, akachukua shilingi 30,000. Nimerudi nyumbani, natia DVD ileile, kimya. Sahani inazunguka, nasikia inavyovuma humo ndani, lakini hakifunguki kitu. Nikarudi kwa fundi na DVD yangu ndani ya bahasha. Akaigeuza kwenye jua, akaikagua upande wa chini kama mtu anayetazama jicho la samaki pale feri, akasema, "Mzee, hii imekufa. DVD nazo zina umri wake."

Kweli DVD za kuchoma zina umri, rangi yake hufifia. Ila hii haikuwa imekufa, na nilichelewa sana kujua kilichotokea. Windows 7, zile za nyumbani za daraja la kati kwenda juu, ilikuwa na uwezo wa kucheza DVD ndani yake. Kuanzia Windows 8, iliyotoka 2012, Microsoft waliuondoa, kwa sababu kila kompyuta yenye uwezo huo inabidi walipwe wenye hataza za ule ufungaji wa picha na sauti, na watu wengi huko kwao walikuwa wanaziacha DVD. Kwa hiyo ukipiga Windows 10 kwenye mashine tupu, uwezo umekwenda na maji. Kwenye duka lao la mtandaoni waliweka kiprogramu cha kucheza DVD kwa dola 14.99. Simtuhumu fundi kwamba alinidanganya kusudi, naona hakujua. Lakini angalitia DVD nyingine yoyote mle ndani, hata ya kaswida, angaliona nayo haichezi. Badala yake alinitangazia msiba.

Fundi wa pili ndiye aliyenitia hasara hasa. Huyu alisema tatizo ni "kodeki", na neno hilo likanitia hofu kama jina la ugonjwa. Akaniwekea pleya, jina silitaji, pamoja na furushi zima la hizo kodeki. DVD ikafunguka, nimpe haki yake. Lakini pembeni ya picha likachomoza tangazo la kubeti. Nikilifunga linarudi. Ukifungua intaneti, ukurasa wa kwanza si ule niliouzoea, ni ukurasa wa vitu vya kuuza kwa lugha nisiyoijua. Siku moja wajukuu wanaangalia katuni zao, likatokea tangazo la mwanamke ambaye, nisiseme mengi, alikuwa amesahau nguo. Mama watoto akachomoa waya ukutani. Kompyuta ikakaa imefunikwa miezi minne.

Hiyo kodeki, kumbe, ni jambo rahisi kabisa, ningeelezwa nisingeogopa. Zile herufi tatu za mwisho wa jina la faili, AVI, MP4, MKV, ni gunia tu. Gunia la MP4 unaweza kulikuta na mchele au na kunde, huwezi kujua kwa kulitazama nje. Kodeki ndiyo namna mzigo wa ndani ulivyosindikwa ili upungue, na pleya isiyojua namna hiyo haiwezi kuufungua. Ndiyo maana mtu anakwambia, "Mbona MP4 ya jana imecheza na ya leo imegoma?" Gunia moja, mzigo mwingine. Pleya zenye kutegemea Windows zinaomba kodeki za Windows, na Windows ikiwa haina, ndipo unapoanza kuuziwa mafurushi ya mitaani. Pleya nyingine zinabeba kodeki zake zenyewe tumboni. Hizo za aina ya pili ndizo za kutafuta.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, anayefanya kazi Muscat. Alikuja likizo na flashi iliyojaa video za watoto wake ili sisi wazee tuwaone. Nikafunua kompyuta, nikatia flashi. Sauti za watoto zinatoka, wanaita "Babu! Babu!", na kioo ni cheusi tititi. Windows ikatuandikia kwamba inahitaji nyongeza ya HEVC, yaani kodeki ya video za simu za siku hizi, bei dola 0.99. Si hela hiyo, lakini inataka kadi ya benki iliyofungwa na duka lao, na mimi kadi yangu ya pensheni siifungi na duka la mtu yeyote.

Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, si uweke ile ya koni?"

Ile ya koni ni VLC. Wengi tumeiona kwenye kompyuta za ofisini, kile kikoni cha rangi ya chungwa cha barabarani, bila kujua ni nini. Ilianza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris huko Ufaransa, waliokuwa wanataka kurusha video kwenye mtandao wa kompyuta wa bweni lao. Tarehe 1 Februari 2001 ikatolewa kwa leseni huria ya GPL, yaani mtu yeyote aitumie na aione ilivyoundwa ndani. Koni yenyewe imetokana na wanafunzi hao kuwa na tabia ya kuokota koni za barabarani na kuzirundika kwao. Mwanzoni mwa 2025 walitangaza kwamba imeshapakuliwa zaidi ya mara bilioni 6, na haina tangazo hata moja. Kiongozi wa mradi, Jean-Baptiste Kempf, amewahi kusema hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro ya watu waliotaka waweke matangazo humo ndani. Niliposikia hivyo nilimkumbuka yule mwanamke aliyesahau nguo.

Tulipakua kwa bando la mpwa wangu, MB 40 na kitu tu. Hapa naomba wasomaji wenzangu mkae chonjo. Ukiandika jina la programu kwenye utafutaji, zinakuja tovuti nyingi zenye koni ileile na kitufe kikubwa cha kijani, na nyingine zimeifunga pamoja na uchafu uleule nilioukimbia. Wenye programu walishalilalamikia jambo hili tangu 2011. Nyumba yao ni videolan.org, iandike kwa mkono wako herufi kwa herufi, usipitie mlango mwingine. Ukiambiwa ulipie, ujue umekosea njia.

Lakini sikuandika barua hii kuwapigia debe Wafaransa. Ninachotaka kusema ni namna ya kuchagua. Watu wanachagua pleya kwa sura yake, au kwa kuwa fundi ameizoea, halafu wanaijaribu kwa wimbo mpya wa juzi, ambao hata pleya ya simu ya vitufe ingeucheza. Mimi nasema chukua faili lako baya kuliko yote hapo nyumbani, lile lililowashinda wote, na ujaribu kwenye mashine yako hiyohiyo mbovu, usijaribu kwa fundi. Pleya ikishindwa, ifute siku ileile kabla hujaizoea.

Mabaya yetu yalikuwa matatu, na mpwa wangu akayaleta moja moja kama mtu anayepigisha watu foleni zahanati.

La kwanza, kipande cha AVI cha mwaka 2009, kilichopigwa kwa kamera ndogo na kunakiliwa umeme ulipokatika. Hakikuwahi kufunguka kwenye kitu chochote. VLC ikauliza: fahirisi ya faili hili ina kasoro, niitengeneze kwanza ndipo nicheze? Tukabofya ndiyo. Kikacheza dakika sita, kisha kikaishia pale umeme ulipotuacha. Ndani yake nilikuwa naonekana napaka rangi mlango. Hakuna la maana, ila nimefurahi.

La pili, zile za Muscat. Watoto wakaonekana, wamenenepa wamashallah. Lakini ukweli usemwe, baadhi zilikwamakwama, zinaenda hatua tatu zinaganda. Zile zilipigwa kwa iPhone kwa ukubwa wa 4K, yaani picha yenye nukta nyingi mno, na prosesa yangu imetengenezwa kabla ya hiyo HEVC kusambaa, haina sehemu maalumu ya kuifungua, kwa hiyo mashine inafungua kila picha kwa nguvu za mikono. Pale hakuna pleya itakayokuokoa, na anayekuuzia "pleya ya 4K" kwa mashine kama yangu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Dawa ilikuwa kwenye simu ya mpwa wangu. Katika mipangilio ya kamera, tangu mwaka 2017 simu hizo zilipoanza kutumia HEVC, kuna mahali pa kuchagua muundo unaokubalika na vifaa vingi, na mahali pa kupunguza ukubwa hadi 1080. Akabadilisha palepale. Zile anazotuma kwa WhatsApp hazina shida, zinasindikwa upya njiani, ndiyo maana pia zinakuwa na ukungu.

La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ile DVD ya harusi.

Katika harusi ile kuna mahali, kama dakika ya arobaini, bibi harusi anatolewa ndani. Dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, anatangulia na chetezo mkono wa kulia, ukaya umemteleza, anapiga vigelegele. Mpiga picha wetu wa siku ile alikosea mahali fulani alipoihamisha kanda kuwa DVD, sauti inachelewa nyuma ya picha. Kwa hiyo dada anafungua kinywa, ulimi unachezacheza, kimya. Anafunga kinywa, anageuka kumtazama mtu, ndipo vigelegele vinaingia, hana habari navyo. Miaka yote hiyo ilikuwa mzaha wa nyumba yetu. Tulikuwa tunasema vigelegele vya shangazi vinakuja kwa miguu.

Nikamwambia mpwa wangu hilo nalo ni baya, lakini ni la mpiga picha, pleya itafanya nini. Akasogeza kiti. Akabonyeza herufi J kwenye kibodi. Juu ya kioo yakatokea maandishi madogo: hasi 50, yaani sauti imevutwa mbele milisekunde 50. Akabonyeza tena. Hasi 100. Akarudisha nyuma, akaangalia kinywa. Bado. Akawa anabonyeza na mimi nahesabu, mama watoto ametoka jikoni kasimama mlangoni na mwiko. Mara ya kumi na nne, hasi 700, kinywa kikafunguka na vigelegele vikatoka humo humo kinywani.

Mpwa wangu alikuwa mtoto wa miaka tisa harusi ile. Alirudisha nyuma mara tatu. Sikumuuliza kitu.

Ukizidisha, herufi K inarudisha upande wa pili. Kwa maandishi ya tafsiri yanayotangulia au kuchelewa, ni G na H. Ukiona mistari kama meno ya kitana kila mtu anapotikisa mkono, jambo la kawaida kwenye video za kamera za zamani, bonyeza D. Mabano ya mraba yanapunguza na kuongeza kasi. Herufi hizi nimeziandika kwenye kadi na kuibandika pembeni ya kioo, na zimenisaidia kuliko semina zote nilizowahi kukalia kabla ya kustaafu.

Ina kasoro zake. Sura yake ni ya ofisi ya serikali: menyu juu ya menyu, na ukiingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa unaweza ukapotea usiku kucha. Yale marekebisho ya sauti inayasahau ukiifunga, kesho unaanza tena J mara kumi na nne. Sauti unaweza kuipandisha kupita asilimia 100, na wajukuu walipogundua hilo spika zangu zikaanza kukoroma, mpaka leo hazijarudi sawa. Na kuna jambo moja lilitutia wazimu Desemba iliyopita: mjukuu alikuja mbio kusema kompyuta imeingia kirusi, koni imevaa kofia nyekundu. Nikaenda kuangalia, kweli imevaa. Kumbe ni mzaha wa wenyewe, kila inapokaribia Krismasi wanaivisha kofia, Januari wanaivua. Nyumba ya Waislamu, koni yetu inasherehekea kuliko majirani.

Kwa kalaptopu ka mama watoto, ambako kana RAM GB 2 na kanahema ukikafungua tu, niliweka nyingine, MPC-HC. Hiyo ni nyepesi, sura yake ni ileile ya pleya ya Windows ya zamani, ya kijivu, isiyo na mapambo, nayo inabeba kodeki zake tumboni. Waliokuwa wakiiunda rasmi waliacha 2017, lakini mtu mwingine wa kujitolea ameendelea kuitoa, kwa hiyo ukiipakua hakikisha unachukua hiyo inayoendelea, si ile ya mwisho ya 2017. Kwa kuangalia tamthilia zake inamtosha, na yeye anaipenda kwa sababu haina kitu cha kubonyeza.

Nasikia sasa mafundi wameanza wimbo mpya: Windows 10 imeacha kutunzwa na wenyewe tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine kama yangu haimo kwenye orodha ya kupokea 11. Hilo ni kweli. Mpwa wangu amenishauri niingie Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na pleya hizi mbili nilimuuliza kama zitanifuata huko. Ya koni inafuata, ile ya kijivu ni ya Windows tu. Nitawaandikia nikithubutu.

DVD yenyewe nimeshainakili yote kwenye diski ya kompyuta na kwenye flashi mbili, moja imekwenda Muscat. Ni kunakili tu folda yake ya VIDEO_TS, harusi nzima imekatwa vipande visivyozidi GB 1 kila kimoja, na koni inavicheza kwa mfululizo.

Limebaki moja, Ndugu Mhariri, na hili ni ombi. Yule mpiga picha, kabla hajahama mji, alinikabidhi kanda yenyewe ya kamera, MiniDV, kitu kikubwa kidogo tu kuliko kiberiti. Ndani yake kuna harusi yote kabla hajaikata, na saa moja ya kanda hizo ikihamishwa vizuri ni kama GB 13, kwa hiyo picha yake ni safi kuliko ya DVD, na nina hakika sauti yake haijachelewa. Lakini sina kamera ya kuichezea, na kwa maduka yote niliyoyazunguka Tanga sijaona. Kama yupo msomaji wa hapa au wa Muheza na Korogwe mwenye kamera ya aina hiyo iliyo hai, na waya wake wa FireWire, naomba aandike kupitia ukurasa huu. Nitakuja mwenyewe na kanda mfukoni, na nauli ya kumrudishia shukrani.

Wako,
Karani mstaafu, Ngamiani, Tanga